Tarehe 17 Januari na kilio kilichokosa siku

Kwetu ku Katanga, mutu akifa, neno la kwanza watu wanauliza ni: lini? Mambo mengine yanakuja kiisha. Ile siku njo inapanga yote: usiku ngapi watu watalala ku kilio, siku gani ya kuzika, siku gani ya kuondoa kilio, na mwaka ukizunguka, siku gani jamaa watakusanyika tena kumukumbuka mufu wao. Mufu asiye na siku anasumbua jamaa kuliko mufu asiye na sanduku. Sanduku linaweza kukopwa. Siku haikopwi.

Tunaanzia hapo, musomaji mpendwa, sababu tarehe tunayotaka kuzungumzia, 17 Januari, ilifichwa hapa kwetu Lubumbashi, na muda mrefu wenye kilio hawakujua walie kuanzia siku gani.

Leo serikali inahesabu tarehe 16 na 17 Januari kuwa sikukuu, moja juu ya Laurent-Désiré Kabila, moja juu ya Patrice-Emery Lumumba. Masomo yamefungwa, na watoto wengi wanachukua zile siku mbili kama siku moja ndefu. Sisi walimu wa historia tunapata kazi ya kuzitenganisha. Kabila alipigwa risasi Kinshasa tarehe 16 Januari 2001. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961. Kati yao miaka 40 kasoro siku moja. Tukiisha kusema hivyo, kila mwaka kunatokea mwanafunzi wa nyuma anayeuliza: Mwalimu, ni sisi tulimuua? Jibu halitoshi kwa neno moja, na njo maana tunaandika.

Asubuhi ya ile siku Lumumba alikuwa mbali na sisi, katika kambi ya askari ya Thysville, muji unaoitwa leo Mbanza-Ngungu. Alikuwa amekamatwa mwanzo wa Desemba 1960 karibu na muto Sankuru, akijaribu kufika Stanleyville kwa watu wake. Tarehe 13 Januari askari wa kambi waliasi, wakubwa wa Léopoldville wakaogopa kwamba atafunguliwa. Wakaona heri wamutume kwa adui zake. Waziri wa Ubelgiji wa mambo ya Afrika, Harold d'Aspremont Lynden, alikuwa ameomba Tshombe akubali kumupokea. Basi Lumumba akatolewa pamoja na Maurice Mpolo, waziri wa vijana na michezo, na Joseph Okito, makamu wa mukubwa wa Senati. Walipelekwa Moanda, na pale wakapandishwa ndeke kubwa. Walipigwa njia nzima, mpaka, inavyosemwa, warubani wakafunga mulango wao wasiendelee kuona.

Ndeke ilitua Luano karibu saa kumi na dakika hamsini ya mangaribi. Askari wa Umoja wa Mataifa kutoka Sweden walikuwa pale ku kiwanja, waliona watu watatu waliofungwa macho wanasukumwa katika motokari, hawakufanya kitu. Wafungwa walipelekwa katika nyumba ya Mubelgiji mumoja, Villa Brouwez, si mbali na kiwanja. Huko wakapigwa tena, na wazungu na weusi, na wakubwa wa Katanga wakapita kuwaangalia. Usiku motokari zikashika barabara ya Jadotville, ni kusema Likasi ya leo, mpaka musitu wa Shilatembo, karibu kilometa 50 na muji. Shimo lilikuwa tayari. Waliopanga askari ni Wabelgiji: Kapiteni Julien Gat na Komisari Frans Verscheure. Tshombe na baadhi ya mawaziri wake walisimama pale. Okito alipigwa wa kwanza, kiisha Mpolo, mwisho Lumumba. Tume ya Bunge la Ubelgiji ilikuja kuandika hata dakika: kati ya saa tatu na dakika arobaini na saa tatu na dakika arobaini na tatu ya usiku.

Inafaa kupima hii hesabu. Kutoka Luano mpaka Shilatembo hazikupita hata saa tano. Hakuna hukumu, hakuna mashahidi.

Kiisha ilianza kazi ya kuiba siku. Miili ilifukuliwa, ikahamishwa, na Gerard Soete, komisari Mubelgiji, akaikata na kuiyeyusha katika asidi. Alisimulia mwenyewe mbele ya televisheni karibu miaka arubaini kiisha, na hakuona haya kusema kwamba alibakisha meno. Hapa muji habari ilizunguka chini kwa chini, ku buvette, ku soko, lakini ku radio kimya. Tarehe 10 Februari serikali ya Katanga ikatangaza kwamba wafungwa wametoroka. Tarehe 13 Februari Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani, akawaambia waandishi wa habari kwamba wanakijiji wamewaua siku moja mbele. Jina la kijiji akakataa kulitaja. Wanaotushitaki, ni kama alisema, walete ushahidi.

Siku 27 zimepita kati ya mauti na lile tangazo, na tangazo lenyewe lilileta tarehe ya uongo: 12 Februari. Tunafikiri hapa kwamba Munongo hakuwa mutu mugeni wa mila. Alikuwa wa ukoo wa M'siri, mwami wa Bayeke, aliyeuawa Bunkeya tarehe 20 Desemba 1891 na Kapiteni Bodson, na Bayeke mpaka leo wanasimulia kichwa kilichokatwa na kupelekwa. Mutu wa ukoo kama ule alijua vizuri maana ya mufu asiyerudishiwa jamaa yake.

Léopoldville, Pauline Opango, bibi wa Lumumba, alisikia habari na kutoka barabarani katika kilio, kifua wazi kama desturi inavyotaka, akaenda kuomba mwili wa bwana wake. Hakupewa. Alikufa Desemba 2014, na bado hakuwa amepewa. Picha yake katika ile maandamano iko katika vitabu vingi. Wanafunzi wetu wengine wanacheka wakiiona, mpaka tuwaeleze ni nini wanaangalia.

Novemba 1961 tume ya Umoja wa Mataifa iliandika kwamba habari ya wanakijiji haiaminiki, na kwamba wale watatu inaelekea waliuawa tarehe 17 Januari. Kwa hiyo siku ilirudi ku kalenda mapema, lakini ku karatasi tu. Katanga ilikuwa bado chini ya Tshombe, mpaka Januari 1963. Tarehe 30 Juni 1966 Mobutu akamutangaza Lumumba shujaa wa inchi, Mobutu yule yule ambaye askari wake walimukamata. Hapo tunawaacha wasomaji wapime wenyewe. Ubelgiji ulichunguza mambo yake mpaka Novemba 2001, ukakubali kuwa na sehemu ya lawama, ukaomba radhi Februari 2002.

Kalenda lakini haina mwenyewe mumoja. Ile usiku ya 17 Januari 1961, kwa saa ya Washington, Rais Eisenhower alisema kwa televisheni maneno yake ya kuaga, akaonya Wamarekani juu ya nguvu ya jeshi ikiungana na viwanda vya silaha. Kwetu ilikuwa tayari saa tisa na nusu ya usiku wa kuamkia tarehe 18. Kule Shilatembo kimya kilikuwa cha saa sita hivi. Uchunguzi wa Senati ya Marekani wa 1975 ulionyesha kwamba CIA, chini ya serikali yake, ilikuwa imetuma sumu Léopoldville juu ya Lumumba. Haikutumiwa.

Tena, tarehe 17 Januari 2002, wiki mbili na zaidi mbele ya Ubelgiji kuomba radhi, volkano Nyiragongo ilipasuka. Moto wa mawe ulipita katikati ya Goma mpaka ziwa Kivu, ukafunika sehemu ya kiwanja cha ndege, ukala kanisa kuu la Saint-Joseph. Mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi. Inchi ilikuwa imekatwa vipande na vita, Goma ikiwa mikononi mwa RCD. Kwa watu wa Goma, 17 Januari ni kwanza siku ya volkano, na hatuoni sababu ya kuwakatalia. Mutu analia kwanza mufu wa nyumba yake.

Na hapa muji wetu? Tshombe ana sanamu yake mbele ya Posta, na kuna wazee wanaoipita wakitoa kofia. Jamaa zingine zinakumbuka Kasai, zingine zinakumbuka Balubakat ya Jason Sendwe, iliyokuwa upande wa Lumumba na iliyolipa kwa vijiji vilivyochomwa. Kwa hiyo kwa mwanafunzi wa nyuma tunajibu hivi: Katanga haikuwa mutu mumoja ile usiku. Waliokuwa pale musituni wana majina, Wakongo na Wabelgiji, na tunayaandika ku ubao. Watu wa muji walikuwa wamelala. Kusema «sisi tulimuua» ni kuwaficha wale wenye majina, na kusema «ni wazungu tu» ni vilevile.

Mwaka wa 2016 polisi ya Ubelgiji ilichukua jino moja kwa jamaa ya Soete. Tarehe 20 Juni 2022 lilirudishwa Brussels kwa watoto wa Lumumba, likawekwa katika sanduku la ukubwa wa mutu muzima. Sanduku lilipita Sankuru alikozaliwa, Kisangani, kiisha likafika kwetu, Shilatembo, na watu wakalia pale kama ku kilio cha jana. Tarehe 30 Juni lilizikwa Kinshasa: miaka 61, miezi mitano na siku 13 tangu ile usiku. Ya Mpolo na Okito hakuna kilichorudishwa, hata jino.