Kitone chekundu, jua na ziwa letu

Juzi kijana mmoja hapa Baraka alinionyesha video kwenye simu: askari anachungulia kioo kidogo juu ya bunduki, kitone chekundu kimekaa katikati ya shabaha. Akaniuliza: "Kaka, na jua kama hili la kwetu, kile kitone kinaonekana?" Mimi ni mtu wa kilimo, na sisi wa Fizi tumeshaona bunduki za kutosha. Ila swali lilinishika.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1900, Howard Grubb wa Dublin alisajili kilengeo cha kioo kinachorudisha alama kwenye jicho, ionekane kama iko mbali kule kwenye shabaha. Mwaka 1975 Aimpoint ya Sweden ikatoa chake cha umeme: kitaa chekundu, na kioo kilichopakwa utando unaorudisha rangi nyekundu huku mwanga mwingine ukipita. Adui yake ni jua. Kitaa kikiwa dhaifu, mbele ya mchanga mweupe au maji yanayong'aa kitone kinapotea kabisa. Kikizidi nguvu, kinavimba na kufunika shabaha. Kwa hiyo anayechagua hakijaribu ndani ya duka. Anatoka nje saa sita mchana, anakielekeza mahali panapong'aa, na kuangalia kama bado kuna ngazi za mwanga za kuongeza.

Hiyo ni nusu tu ya jibu. Nusu nyingine ni hewa, na hapo ziwa letu lina ushahidi.

Tarehe 9 Februari 1916, upande wa Kalemie, Waingereza na Wabelgiji waliifuata meli ya Wajerumani, Hedwig von Wissmann. Nahodha wake, Odebrecht, aliwaona wanakuja, akaendelea kuwasogelea. Kama saa tatu na nusu asubuhi akageuka ghafla. Wengine wanasema alitaka kuwavuta mpaka kwa Graf von Götzen (ndiyo, ile ile Liemba). Wengine wanasema mazigazi yalimdanganya, akaona vyombo vikubwa kuliko vilivyokuwa. Mimi naegemea hawa wa pili. Aliyewahi kutazama mitumbwi kutoka ufukweni kwetu jua likishapanda atanielewa. Hata waliomfukuza walihangaika: risasi za mzinga wa Fifi zilipita juu na kuanguka mbele ya meli, mpaka boti ndogo Mimi ikasogea kuwaambia. Wakarekebisha, meli ikazama, na watu wakafa humo, Wajerumani na Waafrika.

Kitone chekundu kisingemsaidia Odebrecht. Kingekaa vizuri kabisa juu ya kitu ambacho jicho lilishakikosea.

Nayasema haya kwa sababu nilishakosea vile vile. Wakati wa staji tulipima mfereji wa mpunga kwa nivo, saa saba mchana, ile miti ya kupimia ikicheza ndani ya lenzi kama iko ndani ya maji. Nilisoma namba hivyo hivyo, nikaandika. Wamama walichimba kwa jembe siku kadhaa, na maji yalipofunguliwa yakasimama katikati. Mama mmoja akaniuliza: "Mwanangu, ulikuwa unaangalia nini mule ndani?"

Tulichimba upya. Mara ile nilianza kupima saa kumi na mbili na nusu asubuhi.