Alikwenda Ng'ambo, Akarudi Darasani

Nilikuwa Endasak, chini ya Mlima Hanang, mwalimu mmoja wa kike aliponionyesha barua. Amepata nafasi ya kusoma ng'ambo mwaka mzima, peke yake. Wazee wa ukoo wamegawanyika. Baba yake akaniuliza: "Mwanangu, wewe mtu wa redio, hivi wakienda hawa hurudi?"

Ndugu msikilizaji, sikumficha kwamba wapo wasiorudi. Lakini nilimkumbusha Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama wa mwaka 1922. Alikuwa tayari na stashahada ya ualimu ya Makerere, akifundisha St. Mary's, Tabora. Mwaka 1949 akaondoka kwenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskochi. Nyuma aliacha mama mjane na mchumba, Maria, naye mwalimu.

Mwaka 1952 alirudi na shahada ya M.A. Mwaka uliofuata akafunga ndoa na kushika chaki Pugu. TANU ilizaliwa Julai 1954, na mwaka 1955 ikambidi achague kati ya kazi na siasa. Chaki akaiacha, jina la Mwalimu halikumwacha.

Mzee akatikisa kichwa: "Huyo alikuwa mwanamume."

Hapo ndipo palipo na mzigo wenyewe. Nikamwambia: "Mzee wangu, watoto wa Endasak hawaulizi kama mwalimu ni mume au mke. Wanataka ajue anachofundisha."

Hakunijibu. Barua ina tarehe yake ya mwisho. Wazee wetu, mpeni binti baraka aende.