Ulaghai kwa Njia ya Posta: Kosa la Shirikisho la Marekani na Utetezi Wake

Ulaghai kwa njia ya posta ni kosa la jinai katika sheria za shirikisho la Marekani. Hutendwa pale mtu anapopanga hila ya kuwatoa watu fedha au mali, kisha akatuma barua au kifurushi, au akasababisha kitumwe, ili hila hiyo itimie. Limo katika kifungu cha 1341 cha sheria za jinai za nchi hiyo, na asili yake ni sheria ya posta iliyopitishwa mwaka 1872. Wakati ule adhabu ilikuwa faini isiyozidi dola 500 na kifungo kisichozidi miezi 18. Tangu mwaka 2002 kifungo kinaweza kufika miaka 20, na sasa hufika miaka 30 ikiwa benki imeguswa au fedha zilizolengwa ni za msaada wa maafa yaliyotangazwa na rais.

Katika kulitaja kosa hili kwa Kiswahili, wengi husema utapeli, nalo ni neno linaloeleweka mara moja, ila lina harufu ya mtaani na hubeba kila aina ya ujanja. Udanganyifu ni pana zaidi: mwanafunzi anayeangalizia mtihani naye amefanya udanganyifu. Ulaghai hufaa kuliko yote mawili kwa sababu ndani yake mna kumrubuni mtu ili atoe kilicho chake, na hilo ndilo kosa lenyewe. Maneno “kwa njia ya” nayo yana kazi yake, kwani posta ni chombo tu. Anayeandika “ulaghai wa posta” humfanya msomaji adhani shirika la posta ndilo lililotapeliwa. “Wizi wa barua” ni kosa jingine kabisa, lenye kifungu chake. Na “ulaghai wa barua pepe” ni kosa la simu na mawasiliano ya umeme, lililowekewa kifungu cha 1343 mwaka 1952. Mkalimani akiyachanganya haya, mshtakiwa huweza kujitetea dhidi ya jambo ambalo hakushtakiwa nalo.

Posta iliingia katika kosa hili kwa sababu Katiba ya Marekani haikuipa serikali ya shirikisho mamlaka ya jumla ya kuadhibu uhalifu. Kazi hiyo ni ya majimbo. Lakini Katiba iliipa Congress mamlaka juu ya posta. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, matapeli wa mijini walipoanza kuwafikia wakulima wa mbali kwa barua, bahasha yenye stempu ndiyo iliyokuwa mlango ambao serikali kuu ingeweza kuingilia. Hata leo barua iliyotoka mtaa mmoja kwenda wa pili katika mji uleule inatosha, maadam imepitia posta. Mwaka 1994 sheria iliongezwa ikagusa pia kampuni binafsi za usafirishaji zinazovuka mipaka ya majimbo, kama FedEx na UPS.

Msomaji wa Afrika Mashariki atatambua haraka kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, lililomo katika kanuni za adhabu za Kenya na Tanzania. Tofauti iliyopo ni kubwa. Kanuni hizo, zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza, huutazama uongo unaohusu jambo lililopita au lililopo sasa. Kuahidi jambo la kesho usilitimize kwa kawaida hubaki mgogoro wa madai. Marekani ilikwenda njia nyingine mapema. Katika kesi ya Durland ya mwaka 1896, mshtakiwa aliuza hati za uwekezaji kwa ahadi za faida kubwa, akadai kwamba ahadi haiwezi kuwa uongo kwa kuwa wakati wake haujafika. Mahakama ya Juu ilimkatalia: anayeahidi huku moyoni hana nia ya kutimiza amelaghai siku ileile alipoahidi. Mwaka 1909 Congress iliyaingiza mawazo hayo ndani ya maneno ya sheria. Tangu hapo, swali la alichokuwa nacho mtu moyoni limekuwa kiini cha karibu kila kesi ya aina hii.

Upande wa mashtaka unatakiwa kuthibitisha, bila kuacha shaka yoyote ya msingi, kwamba palikuwa na mpango wa kulaghai, kwamba mshtakiwa aliushiriki kwa kujua na kwa nia hiyo, na kwamba posta ilitumika kuuendeleza. Uongo wenyewe lazima uwe mzito, yaani wa kuweza kumsukuma mtu aamue vingine. Hilo lilisemwa wazi katika kesi ya Neder mwaka 1999. Mwenye duka anayejigamba kwamba bidhaa zake ni bora kuliko zote mjini hajalaghai. Si lazima mtu aliyelengwa awe amepoteza hata senti, kwa maana kinachoadhibiwa ni mpango, hata ukifa njiani. Na kila barua ni shtaka lake: mpango mmoja ulioambatana na barua 12 unaweza kuzaa mashtaka 12.

Uhusiano wa barua na mpango ndipo mahakama zilipotofautiana sana, na hapo utetezi huwa na nafasi. Mwaka 1974 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya Maze, kijana aliyechukua kadi ya benki ya mwenzake wa chumba huko Kentucky akasafiri nayo hadi California, akilala kwenye nyumba za wageni kwa gharama ya mwenye kadi. Nyumba hizo zilituma ankara kwa posta. Mahakama ilisema mpango ulikuwa umekwisha pale alipoondoka mlangoni. Ankara zilizofuata hazikumsaidia kitu. Miaka 15 baadaye ikaja kesi ya Schmuck, mfanyabiashara wa magari yaliyotumika aliyerudisha nyuma namba za umbali kwenye dashibodi, kisha akawauzia magari hayo wenye maduka huko Wisconsin kwa bei ya juu. Wenye maduka walikuwa hawajui lolote. Kila walipouza gari walituma fomu ya umiliki kwa serikali ya jimbo kwa posta, na fomu zile zilikuwa za kawaida tu. Kwa kura tano dhidi ya nne majaji walisema zinatosha. Bila umiliki kuhamishwa wenye maduka wasingeuza, na bila kuuza wasingerudi kwake kununua mengine. Ni uamuzi unaonyoosha sheria mbali mno, na majaji wanne waliopinga walikuwa na hoja nzito.

Barua maarufu kuliko zote katika historia ya kosa hili haikuwepo. Mwaka 1919 Marcus Garvey, Mjamaika aliyekuwa akiishi New York, alianzisha kampuni ya meli ya Black Star Line, akawauzia watu weusi hisa kwa dola tano kila moja. Kampuni iliendeshwa vibaya na meli zake zilikuwa mbovu. Serikali ilidai kwamba Garvey aliendelea kuuza hisa kwa posta hali akijua kampuni imeshazama kifedha, na vipeperushi vilionyesha picha ya meli ambayo haikuwa yao. Mwaka 1923 alifikishwa kizimbani pamoja na wenzake watatu. Wenzake waliachiwa; yeye alitiwa hatiani kwa shtaka moja tu. Ushahidi wa shtaka hilo ulikuwa bahasha tupu yenye mhuri wa Black Star Line, iliyotumwa kwa mnunuzi mmoja wa hisa. Mnunuzi huyo hakuweza kukumbuka sawasawa kilichokuwa ndani. Jopo la wananchi lilikubali kwamba lazima ndani mlikuwa na matangazo ya kampuni, na mahakama ya rufaa haikuona kasoro. Garvey alihukumiwa miaka mitano. Alikuwa amemwondoa wakili wake mwanzoni mwa kesi akajitetea mwenyewe, na mtu yeyote anayejali haki akisoma habari za bahasha ile hukosa kuelewa jinsi ilivyotosha. Rais Coolidge alimpunguzia adhabu mwaka 1927, naye Garvey akafukuzwa nchini. Msamaha kamili ulitolewa na Rais Biden Januari 2025, miaka 84 baada ya kifo chake.

Eneo jingine la mapambano ni maana ya mali. Kwa miaka mingi waendesha mashtaka walikitumia kifungu hiki dhidi ya wanasiasa wala rushwa, wakidai wananchi wameibiwa haki ya kupata utumishi mwaminifu. Mwaka 1987, katika kesi ya McNally kutoka Kentucky, Mahakama ya Juu ilisema sheria inalinda fedha na mali tu. Congress ilijibu mwaka uliofuata kwa kifungu cha 1346 kinachorudisha haki hiyo, na mwaka 2010, katika kesi ya Skilling, mahakama ikakibana kibaki kwenye rushwa na mgawo wa siri. Leseni ambayo haijatolewa na serikali si mali mikononi mwake, ilisema kesi ya Cleveland ya mwaka 2000. Mwaka 2023, katika kesi ya Ciminelli, nadharia kwamba kumnyima mtu taarifa za kumsaidia kuamua ni kumnyang’anya mali ilikataliwa. Maamuzi haya yamewafutia mashtaka watu wengi, kwa hiyo wakili makini husoma hati ya mashtaka akitafuta kwanza: ni mali gani hasa inayodaiwa kulengwa?

Hata hivyo utetezi unaotumika sana ni ule wa nia njema. Aliyeamini kwa dhati kwamba aliyoyasema ni kweli hana hatia, hata kama alikosea na watu wakapata hasara. Biashara iliyofilisika si ulaghai. Mipaka yake ni kwamba aliyejua anasema uongo haokolewi na matumaini kwamba mambo yangetengemaa mwishoni na kila mtu angelipwa. Nia huthibitishwa kwa vitu vidogo: ujumbe kwa mhasibu, tarehe ya kikao, ushauri wa wakili ulioombwa kabla ya kutuma tangazo. Muda nao una uzito, kwani kwa kawaida mashtaka hufunguliwa ndani ya miaka mitano tangu barua kutumwa, au kumi ikiwa taasisi ya fedha imeathirika.

Wanaochunguza mara nyingi ni Wakaguzi wa Posta, askari wenye mamlaka ya kukamata. Wanapobisha hodi, mtu ana haki ya kunyamaza na kuomba wakili, na asiye na uwezo hupewa mmoja na mahakama ya shirikisho. Wengi huharibikiwa hapa. Kuwaambia wakaguzi uongo ni kosa la peke yake, la hadi miaka mitano. Kuchana karatasi au kufuta ujumbe ili kuzuia uchunguzi huweza kuleta miaka 20, hata pale ulaghai wenyewe usipothibitika.

Kwa Waswahili wanaoishi Marekani bila uraia, hukumu ya mahakama huwa nusu ya jambo. Sheria ya uhamiaji huuhesabu ulaghai uliosababisha hasara ya zaidi ya dola 10,000 kuwa kosa zito la kumfukuzisha mtu nchini, hata mwenye kadi ya kijani aliyekaa miaka mingi. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, iliamuliwa kwamba wakili wa jinai ana wajibu wa kumweleza mteja hatari hiyo kabla hajakiri kosa. Sheria ya mwaka 1978 humpa haki ya mkalimani mahakamani mtu asiyeelewa Kiingereza vya kutosha. Kiasi cha hasara hakisomwi katika maneno ya shtaka pekee. Kesi ya Nijhawan ya mwaka 2009 iliruhusu mahakama ya uhamiaji kuangalia mazingira ya kosa, pamoja na takwimu ambayo mshtakiwa mwenyewe aliikubali wakati wa hukumu. Ndiyo maana mapatano ya kukiri kosa husomwa kwa mkalimani neno kwa neno, na kiasi cha hasara hujadiliwa na waendesha mashtaka kabla ya sahihi kuwekwa.