Pombe, sigara na sura ya mtoto: walijua tangu lini?

Wadau, kuna kauli naisikia sana hapa mjini: eti bia nyeusi humwongezea mjamzito damu. Nimebishana weee, mwisho nikaamua kufukua historia. Nilichokikuta kimenishangaza. Madaktari walijua, wakasahau, kisha wakajua upya.

Mwaka 1726 London ilikuwa imelewa jin, pombe kali ya bei chee. Madaktari wa Royal College of Physicians wakaliandikia Bunge kwamba kinywaji hicho kinaleta watoto dhaifu na wagonjwa. Mwaka 1899 William Sullivan, daktari wa gereza huko Liverpool, akaonyesha kuwa wanawake walevi walifiwa na watoto wengi kuliko ndugu zao wa kike wasiokunywa.

Baadaye upepo ukageuka. Wataalamu wakasema tatizo ni kurithi na malezi mabaya, pombe yenyewe haina kosa. Katika miaka ya 1960 baadhi ya madaktari Marekani waliwatundikia wajawazito dripu yenye pombe ili kuzuia uchungu wa mapema. Ndiyo, dripu ya pombe!

Mwaka 1968 Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, alieleza habari za watoto 127 wa wazazi walevi. Wachache walimsikiliza. Mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle wakaandika katika jarida la Lancet kuhusu watoto wasio na undugu, wa rangi tofauti, lakini wanaofanana: macho yenye mpasuo mfupi, mdomo wa juu mwembamba. Hata kile kijifereji kati ya pua na mdomo hufutika kwa watoto wa aina hii. Kilichowaunganisha ni mama mnywaji.

Mwaka 1981 Kathleen Sulik wa North Carolina aliwapa panya pombe siku ya saba ya mimba, na vijusi vyao vikawa na sura za namna hiyohiyo. Kwa binadamu huo ni kama wiki ya tatu, wakati wengi hawajajua hata kama wana mimba. Sigara nayo ina kesi yake. Mdomo wa juu huungana kati ya wiki ya nne na ya saba, na ripoti ya serikali ya Marekani ya mwaka 2014 ilitamka kwamba kuvuta mwanzoni mwa mimba husababisha mdomo sungura.

Sasa tusikimbilie kumnyooshea mama kidole. Kule Western Cape, Afrika Kusini, kwa vizazi vingi wafanyakazi wa mashamba ya zabibu walilipwa sehemu ya ujira kwa mvinyo. Mtindo huo ulipigwa marufuku, lakini kiu ilibaki, na eneo hilo lina viwango vya tatizo hili vilivyo miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Aliyekunywa tunamjua. Aliyemimina je?

Tena wengi walioathirika sura zao ni za kawaida kabisa, madhara yamejificha kwenye ubongo. Watoto hao huitwa wakorofi, wavivu, wajinga, wakachapwa shuleni.

Mpaka leo hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Wiki ya tatu haimsubiri mtu apime mimba. Je, tunawaambia wasichana na wanaume wao mapema, au tunangoja kliniki?