Kamati ya Olimpiki Tanzania: Tangu Goti la Akhwari

Kamati ya Olimpiki Tanzania (TOC) ilianzishwa mwaka 1968, na mwaka huohuo ikapata mwanariadha ambaye dunia haijamsahau. Oktoba 20, mjini Mexico City, John Stephen Akhwari wa Mbulu alianguka katikati ya marathoni, goti likateguka. Alifungwa bandeji, akachechemea hadi uwanjani giza likiingia, akawa wa 57, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kutwaa dhahabu. Alipoulizwa kwa nini hakujitoa, alijibu kwamba hakutumwa kuanza tu, bali kumaliza.

Tanganyika ilikuwa imekwishashiriki Tokyo 1964. Mwaka uliofuata Theresia Dismas alirudi na fedha ya kurusha mkuki kutoka Brazzaville, kwenye Michezo ya Afrika ya kwanza. Ajabu, mama huyu hutajwa kwa nadra.

Kisha akaja Filbert Bayi wa Karatu. Februari 2, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Christchurch, aliongoza mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.2 mbele ya John Walker, mwenyeji. Kila mpenzi wa riadha alisubiri wakutane tena Montreal 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda Afrika Kusini ya makaburu, nchi nyingi za Afrika zikasusia Olimpiki, Tanzania ikiwemo. Walker akachukua dhahabu.

Miaka minne baadaye mgomo ulikuwa wa Marekani. Rais Carter alimtuma Muhammad Ali Dar es Salaam kuishawishi Tanzania isiende Moscow. Mwalimu Nyerere akakataa hata kuonana naye. Timu ikaenda. Bayi akawa wa pili katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui wa pili katika mita 5,000. Fedha hizo mbili ndizo medali zote za Olimpiki ambazo Tanzania imepata hadi Paris 2024.

Wakimbiaji hawakukosekana. Juma Ikangaa alikuwa wa 6 Los Angeles 1984 na wa 7 Seoul 1988. Alphonce Simbu wa Singida alikuwa wa 5 Rio 2016, na Septemba 2025 akawa bingwa wa dunia wa marathoni jijini Tokyo, akimshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Lakini tazama wanakotoka wengi wa hao wakimbiaji: Mbulu, Karatu, Singida. TOC hupeleka wanamichezo. Kuwaibua ni kazi ya vyama vya michezo, na vyama huenda vilikozoea. Paris 2024 waogeleaji wetu walikuwa wawili, Collins Saliboko na Sophia Latiff, wote wa bwawani. Tangu Beijing 2008 Olimpiki ina pia kuogelea kilomita 10 katika maji ya wazi. Paris walishindana ndani ya mto Seine. Kihagara, Lituhi na Liuli zina Ziwa Nyasa zima mlangoni, na vijana waliokulia majini. Los Angeles ni 2028. Chama cha kuogelea kifike mwambao huu mapema, kije na makocha na saa za kupimia muda.