Kiswahili cha Lubumbashi Mbele ya Mashine

Siku hizi watu wengi wa mji wetu wana simu inayojibu maswali. Ukiiuliza kwa Kiswahili, hujibu kwa Kiswahili safi, mfano wa mwalimu aliyeshuka jana kutoka Dar es Salaam. Lakini iandikie kama tunavyosema nyumbani au katika soko la Kenya (ndiyo komini yetu ya Lubumbashi, si nchi ile). Mara nyingi itaelewa nusu, na nusu nyingine itaisahihisha. Ukiandika “mutoto” itarudisha “mtoto”, ukiandika “batu” itarudisha “watu”. Wako wasemao kwamba mashine ina haki, maana sisi ndio tunaoharibu lugha. Mimi sikubali, na sababu yangu ni ya historia.

Yafaa kwanza kujua mashine hizo hujifunzaje. Hakuna mwalimu aliyezitia kanuni za sarufi. Wataalamu huzipa maandiko mengi mno, vitabu, magazeti, hotuba, kurasa za intaneti, nazo hujaribu kubashiri neno gani litafuata neno gani. Zikikosea, hesabu zao za ndani hurekebishwa kidogo, zikajaribu tena, na hivyo mara mamilioni kwa mamilioni. Kazi hiyo ndiyo watu waiitayo akili ya bandia. Sasa angalieni matokeo yake. Neno lililoandikwa mara nyingi, mashine yalijua vema. Neno linalosemwa kila siku na mji mzima, lakini likaandikwa mara chache, kwake ni kama kosa la mpiga taipu. Basi sharti tuulize: Ni Kiswahili kipi kilichoandikwa, na kwa nini?

Mwaka 1928 palikuwa na mkutano huko Mombasa, na Kiunguja kikachaguliwa kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Mwaka 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Kongo ya Wabelgiji haikuwamo. Tangu hapo nchi zile zilipata vitabu vya shule vya namna moja, baadaye magazeti na redio, hata Tanzania ikawa na serikali inayoandika barua zake kwa Kiswahili. Mwaka 1985 Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, katika Ufini, alianza kutengeneza programu ya kompyuta ya kuchambua maneno ya Kiswahili. Ukiipa neno kama “hawatatupiga”, hulikata vipande: kukana, watu wengi, wakati ujao, sisi, na kitendo chenyewe. Programu ile ilifuata kanuni zilizoandikwa na watu, haikujifunza yenyewe kama mashine za leo. Chuo hicho kilikusanya pia maandiko, kwanza maneno kama 12,500,000, kisha, mwaka 2016, kama 25,000,000. Kazi nzuri sana. Lakini mengi ya maandiko hayo ni magazeti na vitabu vya Tanzania, maana ndiko yalikokuwako.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Kiswahili kilifika Kongo kwa misafara ya wafanya biashara, na ndiyo sababu Wabelgiji walikiita Kingwana, yaani lugha ya waungwana. Mapadre Weupe walipopokea kituo cha Mpala, kando ya ziwa Tanganyika, mwaka 1885, walikikuta kimekwisha tangulia, wakakitumia kufundisha dini. Elisabethville ulianzishwa mwaka 1910, na mwaka huo huo Wabenediktini waliingia Katanga. Kazi ya shaba ilivuta watu kutoka Rhodesia ya Kaskazini, Kasai, Maniema, Rwanda na Urundi. Huyu alisema Kibemba, huyu Kiluba, huyu Kisanga. Kiswahili hakikuwa cha mmoja wao, kwa hiyo kikawa cha wote. Watoto wakazaliwa katika kambi za Union Minière, na kwao hakikuwa tena lugha ya kuazima.

Shuleni mtoto alianza kwa Kiswahili, na mara alipokwisha kujua kuandika vizuri alihamishiwa Kifaransa. Kwa maoni yangu hapo ndipo njia zilipoachana. Barua ya kazi, hukumu, gazeti, hata hati ya nyumba, karibu yote Kifaransa. Kiswahili kilibaki mdomoni. Hakuna aliyekikataza, ila hakikupewa karatasi.

Waliokipa karatasi walikuwa wachache, na wengi wao walifanya kazi katika chuo kikuu chetu, kilichofungua milango mwaka 1956. Edgar Polomé, Mbelgiji, alifundisha hapo tangu mwaka huo, na mwaka 1968 akatoa maandiko juu ya Kiswahili cha Lubumbashi kama lugha yenye utaratibu wake. Walter Schicho wa Austria aliendelea na uchunguzi huo. Johannes Fabian, Mjerumani, alikuja mwaka 1966 kuchunguza Jamaa, ile iliyoanzishwa na Padre Placide Tempels, Mfransiskani, huko Kolwezi. Kisha akarudi kufundisha Lubumbashi miaka ya 1972 hadi 1974. Huyu alikuwa na tabia ya kurekodi. Alinasa mafundisho ya Jamaa, mazungumzo na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu juu ya picha zake za historia ya nchi, na baadaye michezo ya Mufwankolo na wenzake, ambao wazee wetu walicheka nao sana.

Lakini andiko ninalolipenda kuliko yote halikutoka kwa profesa. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa niaba ya chama cha watumishi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa “boyi”, kijitabu chembamba cha kupigwa kwa taipu. Jina lake ni la Kifaransa, “Vocabulaire de ville de Elisabethville”, ingawa si kamusi hata kidogo. Ni historia ya mji ilivyoonekana na watu waliopika, waliofua na waliosimama mlangoni. Aliandika kwa Kiswahili cha mji, kama masikio yalivyosikia, na mara nyingi maneno yake hayakukatwa mahali ambapo mwalimu angeyakata. Fabian alipotaka kukitafsiri, macho peke yake hayakutosha. Ilibidi Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha hiyo, akisome kwa sauti, na maana ikafunguka kwa sikio. Maandiko hayo na tafsiri yake yalichapwa mwaka 1990, na siku hizi yapatikana kwenye intaneti. Mashine ya leo, isiyopata kusikia sauti ya Lubumbashi, ingesoma kijitabu kile na kuona makosa tu ukurasa kwa ukurasa.

Je, mashine yaweza kufundishwa? Jaribio moja limekwisha fanyika. Mwaka 1960 tusingaliota jambo hilo! Mwaka 2021 watu wa shirika la Translators without Borders walieleza walivyotengeneza mashine ya kutafsiri kati ya Kifaransa na Kiswahili cha Kongo, kwa ajili ya kazi ya misaada. Kongo ilikuwa imetoka katika Ebola ya Kivu na Ituri (2018–2020), iliyoua watu zaidi ya 2,200, na kuingia katika Korona. Mgonjwa asipoelewa onyo, onyo si kitu. Wataalamu hao hawakupata maandiko ya kutosha, basi waliandaa sentensi 25,302 pamoja na tafsiri zake, wakaazima mengine kutoka Kiswahili cha pwani, na mashine ikafanya vizuri kuliko ilivyofanya bila msaada huo. Sentensi 25,302 ni chache mno mbele ya maneno yale 25,000,000. Tena usemi wa Goma si usemi wa Lubumbashi: mtu wa kwetu asemaye “tutoto” kwa watoto wadogo hataupata wote humo.

Wakati huohuo kanda za zamani zachakaa, na wazee waliofanya kazi katika nyumba za Wazungu kabla ya 1960 wamebaki wachache. Atakayetaka kuwasikiliza aje na simu yake, abonyeze kurekodi, kisha aandike “batu” pale waliposema “batu”.