Nyota Zenye Sayari na Msalaba Mmoja: Historia Fupi kwa Watumishi wa Neno

1. Utangulizi

Elimu ya falaki imefikia mahali ambapo Kanisa haliwezi kuipita kimya. Hadi mwaka 1991, mbali na jua letu, hapakuwa na nyota hata moja ambayo wataalamu wote walikubali kwamba ina sayari. Mwezi Septemba 2025 hesabu ya sayari zilizothibitishwa kuzunguka nyota nyingine ilifikia 6,000. Vijana wa kipaimara husikia habari hizi shuleni na redioni, kisha humwuliza mchungaji wao: Ikiwa ziko dunia nyingine, je, Kristo alikufa kwa ajili ya hizo pia?

Swali hili si geni kwetu Walutheri. Lilijadiliwa Wittenberg kabla darubini haijaelekezwa angani. Makala hii inakusudia kuifuata historia yake kwa ufupi, na kuonyesha kwamba imani haikupata kudhurika kwa kugunduliwa sayari yoyote. Kilichoidhuru mara kwa mara ni kufungwa kwenye picha ya mbingu ambayo Maandiko hayakuidai.

2. Swali la Wittenberg

Aristotle alifundisha kwamba ulimwengu ni mmoja tu na hauwezi kuwa mwingine. Mwaka 1277 Askofu Étienne Tempier wa Paris alizikataza hoja 219 zilizokuwa zikifundishwa na wasomi wa mji huo, mojawapo ikiwa ile isemayo kwamba Mungu hawezi kuumba dunia nyingi. Askofu hakudai kwamba dunia nyingi zipo. Alikataa tu mwanadamu kumwekea Muumba mpaka. Mwaka 1440 Kardinali Nicholas wa Cusa alikwenda mbali zaidi, akafikiri kwamba hata nyota zaweza kuwa na wakazi wake.

Philipp Melanchthon, mwandishi wa Ungamo la Augsburg, alishika njia nyingine. Katika kitabu chake cha elimu ya maumbile kilichotolewa mwaka 1549, miaka sita baada ya kitabu cha Copernicus, alikanusha kuwapo kwa dunia nyingi. Sababu yake kuu ilimhusu Kristo mwenyewe: Mwana wa Mungu ni mmoja, alizaliwa katika dunia hii, akafa na kufufuka mara moja. Haifai kuwaza kwamba alikufa na kufufuka tena na tena katika dunia nyingine, wala kwamba wako watu wanaopewa uzima wa milele pasipo kumjua yeye.

Hoja hii tusiidharau, maana msingi wake ni wa kiinjili. Lakini tuitazame vizuri: ndani yake mna mambo mawili. La kwanza ni ungamo, kwamba Kristo alikufa mara moja tu (Warumi 6:10, Waebrania 9:28). La pili ni kisio, kwamba penye dunia nyingine hapana budi pawe na watu wengine, nao wawe wenye dhambi kama sisi. Melanchthon aliyafunga mawili hayo kwa kamba moja.

3. Kepler na hofu yake

Johannes Kepler, aliyezaliwa mwaka 1571, alisoma theolojia Tübingen akitazamia kuwa mchungaji, lakini akapelekwa Graz kufundisha hesabu. Aliuona ulimwengu wote kuwa mfano wa Utatu Mtakatifu: jua katikati mfano wa Baba, duara la nyota mfano wa Mwana, na nafasi iliyo kati yake mfano wa Roho Mtakatifu. Kwa hiyo aliyapinga mawazo ya Giordano Bruno, aliyechomwa moto Roma mwezi Februari 1600 kwa mashtaka mengi ya uzushi, na ambaye alifundisha kwamba kila nyota ni jua lenye dunia zake.

Mwaka 1610, huko Prague, rafiki yake Wackher von Wackenfels alimletea habari kwamba Galileo ameona sayari mpya nne. Kepler alifadhaika mpaka alipofahamu kwamba zinaizunguka Mshtarii, wala si nyota ya mbali. Katika jibu alilomwandikia Galileo mwaka huohuo alikiri kwamba, kama zingepatikana penye nyota nyingine, angejiona amefungwa minyororo katika gereza la Bruno.

Mwaka 1612 Kepler alihamia Linz. Huko mchungaji Daniel Hitzler alimnyima Chakula cha Bwana, kwa kuwa hakukubali kutia sahihi Kanuni ya Makubaliano ya 1577 pasipo sharti. Wakuu wa Kanisa huko Stuttgart walimwunga mkono mchungaji. Jambo lililomzuia Kepler lilikuwa fundisho kwamba mwili wa Kristo aliyepaa waweza kuwapo mahali pote. Fundisho hilo tutalirudia mwishoni.

4. Matangazo yaliyoanguka

Kwa karne mbili na zaidi baada ya Kepler, dunia za mbali zilijadiliwa bila mtu kuwa na njia ya kuzipima. Upimaji ulipoanza, wataalamu nao walionja aibu ya kunena mapema. Mwaka 1855 W. S. Jacob wa Madras, nchini India, alidhani kwamba mwendo wa nyota mbili za 70 Ophiuchi unaonyesha sayari. Hakuna sayari iliyopatikana.

Peter van de Kamp wa Chuo cha Swarthmore, Marekani, aliipiga picha Nyota ya Barnard kwa miaka mingi, na mwaka 1963 akatangaza kwamba inayumbayumba kwa kuvutwa na sayari kubwa. Vitabu vya shule vilipokea habari hiyo. Mwaka 1973 George Gatewood na Heinrich Eichhorn walipima kwa darubini nyingine wasione kuyumba huko, na mwenzake Van de Kamp wa papo hapo Swarthmore akaonyesha kwamba vipimo viliruka nyakati zilezile lenzi ya darubini ilipofanyiwa matengenezo. Van de Kamp alifariki mwezi Mei 1995 bila kukubali. Miaka mingi baadaye, 2024 na 2025, sayari nne ndogo zilipatikana kwenye nyota hiyo, lakini si zile alizozitangaza yeye.

Mfano bora zaidi ni wa Andrew Lyne wa Uingereza. Mwezi Julai 1991 yeye na wenzake walitangaza sayari inayozunguka masalio ya nyota iliyolipuka kwa muda wa miezi sita. Baadaye aligundua kwamba hesabu zao hazikuondoa sawasawa mwendo wa dunia yetu kulizunguka jua: walikuwa wameipima dunia wakidhani wanapima sayari ya mbali. Januari 1992, mbele ya mkutano wa wanafalaki huko Atlanta, alisimama akalifuta tangazo lake. Wasikilizaji walimpigia makofi. Sisi tunaofundisha toba kila Jumapili tuna la kujifunza katika makofi hayo.

5. Ushahidi uliosimama

Katika mkutano huohuo Aleksander Wolszczan alieleza jinsi yeye na Dale Frail walivyopata sayari mbili kwenye masalio mengine ya nyota, PSR 1257+12, kwa darubini ya redio ya Arecibo. Vipimo vyao vimesimama hadi leo.

Kisha, tarehe 6 Oktoba 1995 mjini Florence, Michel Mayor na Didier Queloz wa Geneva walitangaza sayari ya nyota inayofanana na jua, 51 Pegasi, iliyo umbali wa miaka 50 hivi ya mwendo wa nuru. Sayari yenyewe hawakuiona. Nyota ikivutwa na sayari yake huyumba kidogo. Inapotujia nuru yake huelekea rangi ya buluu, na inapotuacha huelekea nyekundu. Kutokana na mabadiliko hayo walipima mwendo wa mita 60 hivi kwa sekunde, ukirudia kila baada ya siku 4.2. Kwa siku chache tu Geoffrey Marcy na Paul Butler huko Marekani walipima nao wakaona vivyo hivyo. Kwa kinywa cha mashahidi wawili neno likathibitika. Mayor na Queloz walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019.

Mwaka 1999 ilionekana kwa mara ya kwanza nyota ikififia kidogo sayari yake ilipopita mbele yake. Kwa njia hiyo chombo kilichorushwa angani mwaka 2009 kilipata sayari zaidi ya 2,600 kabla ya kuzimwa mwaka 2018. Jina lake ni Kepler. Jambo lililomtia hofu yule mwana wa Tübingen limethibitishwa na chombo chenye jina lake.

Nasi tumeshirikishwa. Mwaka 2019 Umoja wa Kimataifa wa Falaki uliyaalika mataifa kutoa majina. Tanzania iliiita nyota WASP-71 Mpingo na sayari yake Tanzanite. Kenya iliiita HD 83443 Kalausi na sayari yake Buru, maneno ya Kijaluo yahusuyo kimbunga cha vumbi na vumbi lenyewe.

6. Hitimisho

Mhubiri aseme nini? Kwanza, asikane kilichopimwa. Pili, asiwajaze watu mahali ambapo hawajaonekana. Hadi leo hakuna sayari hata moja kati ya hizo iliyothibitishwa kuwa na uhai. Kisio la Melanchthon halijathibitishwa, na ungamo lake halijaguswa.

Tatu, asigeuze hesabu ya sayari kuwa injili. Huko Heidelberg, mwaka 1518, Luther alionya juu ya mwanatheolojia wa utukufu, adhaniye kwamba kwa kutazama kazi za uumbaji amekwisha kuufahamu moyo wa Mungu. Sayari 6,000 hazitatuambia kama Mungu anatuhurumia. Hilo hujulikana msalabani.

Nne, asiogope. Mwaka 1528 Luther, akitetea Chakula cha Bwana, alifundisha kwamba mkono wa kuume wa Mungu si kiti kilichowekwa mahali fulani mbinguni, bali uko kila mahali. Fundisho hili, ambalo Kepler hakuweza kulitia sahihi, ndilo litupalo jibu. Kama Kristo aliyesulubiwa hafungwi na mahali, basi hapana nyota iliyo mbali naye, wala haimlazimu kuzaliwa na kufa upya ili kuufikia uumbaji wake. Mtume Paulo asema kwamba vitu vyote, vya duniani na vya mbinguni, vimepatanishwa kwa damu ya msalaba wake (Wakolosai 1:20). Msalaba ni mmoja, na ulisimamishwa nje ya Yerusalemu. Hayo yatosha kumjibu kijana wa kipaimara; na akiuliza zaidi, tumwambie kwa unyofu mahali ambapo Maandiko yamenyamaza, nasi tunyamaze hapo.